Mtoko na usiyemjua ukiwa safarini peke yako: mambo ya kupanga kabla hujatoka chumbani

Mwanamke anayekutana na mtu mpya katika mji wake ana vitu vitatu ambavyo hata havihesabu: anajua barabara zipi zina watu usiku, ana mtu wa kumpigia akafika ndani ya nusu saa, na akiongea polisi au hospitalini anaeleweka. Ukiwa ugenini vyote vitatu hunavyo, na aliyeketi mbele yako anavyo vyote. Watu wa huko si wabaya kuliko wa kwenu. Tatizo ni pengo hilo, na karibu kila tahadhari iliyo hapa chini ni njia ya kulipunguza.

Ndiyo maana siupi uzito mkubwa ule ushauri wa "sikiliza moyo wako". Ukihisi vibaya ondoka, hilo halina mjadala. Lakini kutohisi chochote kibaya si ushahidi wa usalama, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya aliyezoea kazi yake ndiye anayejua zaidi namna ya kukufanya utulie. Kinachokulinda ni mipaka uliyoiweka ukiwa peke yako, akili imetulia, kabla hujacheka naye.

Asijue unapolala

Anza na profaili yako kwenye programu ya kutafuta wapenzi. Picha iliyopigwa kwenye balkoni ya hoteli inamwambia jengo na ghorofa. Picha uliyoiweka pia Instagram ni mbaya zaidi: akiitafuta kwa Google Lens au TinEye anaweza kufika kwenye kurasa zako nyingine, akapata jina kamili, kazi na ndugu zako. Weka picha ambazo hazipo popote pengine. Na usiandike kwamba uko peke yako, wala siku unayoondoka. Anayejua kwamba unapanda ndege Jumapili anajua pia kwamba hutakuwepo kufuatilia kesi Jumatatu.

Umbali unaoonyeshwa na programu hizi nao si jambo dogo. Mtu akipima umbali wako kutoka sehemu tatu tofauti, duara tatu hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo ulipo. Mwaka 2014 watafiti wa usalama wa kompyuta walieleza jinsi walivyoweza kumpata mtumiaji wa Tinder kwa njia hiyo. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walikuta Bumble na Hinge miongoni mwa programu zilizokuwa na tundu la aina hiyo. Matundu hayo yalizibwa, lakini funzo limebaki: kama programu inakuruhusu kuficha umbali, uufiche, na usiifungue ukiwa chumbani unakolala. Ifungue ukiwa mgahawani.

Namba ya simu ibaki kwako mpaka mmeshaonana. Truecaller, programu ya kutambua mwenye namba, inaweza kumpa jina lako, na huduma nyingi za kutuma pesa kwa simu huonyesha jina la mwenye laini kabla ya pesa kutoka. Ni mlango unaofunguka pande zote mbili, kwa hiyo hata wewe unaweza kuangalia kama jina alilokupa linafanana na la laini yake. Akishikilia kuhamia WhatsApp, tumia laini ya safari na uweke picha yako ionekane kwa uliowahifadhi tu.

Swali la "umefikia wapi?" litakuja, na wengi huuliza bila nia yoyote. Jibu lako liwe tayari: taja eneo kubwa lisilo lako, useme mko wawili. Uongo wa namna hii hauhitaji kuombewa msamaha.

Kumpima kabla ya kuonana

Simu ya video ya dakika tano hadi kumi ni sharti. Mwombe ageuze uso pembeni na apitishe mkono mbele ya uso. Sura ya kubandikwa kwa kompyuta mara nyingi huyumba hapo, ingawa teknolojia hiyo inazidi kuwa nzuri na kipimo hiki hakinasi kila kitu. Hata video ikiwa safi, imethibitisha sura tu. Vivyo hivyo ile alama ya tiki kwenye profaili: ina maana kwamba selfi aliyotuma inafanana na picha alizoweka. Hakuna aliyekagua rekodi zake za polisi.

Tabia hupimwa kwa njia nyingine. Mnyime kitu kidogo kabla hamjaonana: sogeza saa mbele, au kataa mgahawa alioupendekeza uchague mwingine. Mtu wa kawaida atasema sawa. Anayenuna, anayekudhihaki kwamba una wasiwasi mno, au anayejadiliana mpaka uchoke, amekuonyesha mapema atakavyopokea "hapana" iliyo nzito zaidi. Yule anayekataa video lakini anataka muonane usiku huu huu, achana naye bila maelezo.

Mtu wako wa simu

Hapa ndipo watu wengi wanafanya nusu kazi. Wanamtumia rafiki ujumbe "natoka na mtu, nitakwambia", basi. Rafiki analala, anaamka asubuhi, haoni kitu, anadhani umechelewa kulala. Saa kumi zimepita.

Mchague mtu ambaye kwa saa zake atakuwa macho, hata kama si rafiki yako wa karibu zaidi. Mtumie picha za skrini za profaili na mazungumzo. Zipige mapema, kwa sababu kwenye programu nyingi, mtu akikuondoa kwenye orodha yake mazungumzo yote hupotea na kwako pia. Kisha umwandikie maagizo, maana mwenye hofu hafikiri vizuri:

"Nakutana na fulani, namba yake hii, picha zake hizo. Ni mgahawa fulani, saa 9 alasiri saa za huku. Nitakuandikia saa 11 jioni saa za huku. Zikipita dakika 30 bila neno langu, nipigie mara mbili, uache dakika kumi katikati. Nisipopokea, pigia mapokezi ya hoteli yangu namba hii, waende kugonga chumbani. Nisipokuwepo, pigia polisi wa huku namba hii, kisha ubalozi namba hii."

Namba hizo ziandikwe kamili, pamoja na msimbo wa nchi. Rafiki yako akipiga 112 au 999 akiwa kwao, simu itaingia kwa polisi wa kwao, ambao hawana la kufanya haraka kuhusu mgahawa ulio bara jingine. Namba fupi za dharura hazifanyi kazi kuvuka mpaka. Tafuta namba ya kawaida ya kituo cha polisi cha eneo hilo, na uipige mara moja mchana kuona kama inaita.

Kumtumia mahali ulipo moja kwa moja ni jambo jema. WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8, chagua 8. Google Maps ina faida moja ya ziada: inamwonyesha mwenzako kiwango cha chaji ya simu yako, kwa hiyo alama ikiganda atajua kama simu imeisha moto au kuna jambo. Ila usiifanye ndiyo nguzo. Data hukatika, hali ya kuokoa betri husimamisha programu, na simu inaweza kuzimwa na mtu mwingine. Saa mliyokubaliana ndiyo nguzo.

Kuna kitu kimoja kinachosahaulika: ujumbe wa "niko salama" unaweza kuandikwa na mtu mwingine aliyeshika simu yako, akitumia kidole chako kuifungua. Kubalianeni swali ambalo jibu lake halipo popote kwenye simu. Na muwe na sentensi mbili za siri. Moja iwe na maana ya "nipigie unipe sababu ya kuondoka". Nyingine, "niko hatarini na siwezi kuongea", iwe sentensi ya kawaida kabisa unayoweza kuisema yeye akikusikia, kama vile "mwambie mama ile dawa yake nimeipata". Emoji haifai, kwa sababu huwezi kuitamka.

Kwenye simu yako mwenyewe, jifunze njia ya haraka ya kuita msaada. iPhone nyingi huita ukishikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti. Simu nyingi za Android huita ukibonyeza kitufe cha kuwasha mara tano mfululizo. Ingia kwenye mipangilio uone kama imewashwa na inapiga wapi. Zima pia kufungua kwa uso na kidole kwa siku hiyo, utumie namba ya siri.

Mahali, saa, na usafiri

Mahali uchague wewe, mchana, na upapitie siku moja kabla. Unatafuta vitu vichache: wahudumu wanaoonekana, njia ya pili ya kutokea, choo kilipo, na sehemu yenye mwanga ya kusubiri gari. Fukwe, njia za kupanda mlima, gari lake na "kwa rafiki yangu, hapo karibu" si mahali pa kuonana mara ya kwanza. Siku yenyewe pia ina maana. Usiku wa kwanza umechoka na mji huujui. Usiku wa mwisho una haraka, na haraka ndiyo humfanya mtu akubali kitu ambacho jana angekikataa.

Fika dakika kumi na tano kabla yake. Agiza mwenyewe, keti ukitazama mlango, na umwambie mhudumu kwamba unamsubiri mtu usiyemfahamu vizuri. Sentensi hiyo moja inamfanya mtu aliyekuwa akipita tu awe shahidi.

Sasa lile la kuangalia kuliko yote: kubadilisha mahali. "Hapa pamejaa, twende kule", "nimesahau pochi, tupitie nyumbani mara moja", "jamaa zangu wako sehemu fulani". Mpango wote uliomwandikia rafiki yako, njia ulizokagua, mhudumu uliyemwambia, vyote vinafutika kwa hatua hiyo moja. Weka kanuni kabla hujatoka: mtoko wa kwanza una mahali pamoja na saa moja na nusu, basi. Ukitaka kuendelea, panga wa pili kesho. Asiyeweza kusubiri kesho hakuwa na sababu nzuri ya leo.

Lipa kilicho chako, na uwe na noti ndogo za fedha ya pale. Kulipa kwa kadi hukuweka mezani dakika tano ukisubiri mashine. Noti unaiacha chini ya glasi ukaondoka. Hati ya kusafiria ibaki hotelini, nakala iwe kwenye simu na kwa mtu wako.

Usafiri uwe wako kwenda na kurudi. Soma namba za gari kabla ya kufungua mlango, na umwache dereva ataje jina lako, usimtajie wewe. Kufuli ya watoto iko ukingoni mwa mlango wa nyuma, mahali unapoiona tu mlango ukiwa wazi. Ikiwa imewashwa, mlango hautafunguka ukiwa ndani, kwa hiyo itupie jicho kabla ya kukaa. Gari likuache mtaa mmoja kabla ya hoteli kama pana watu na mwanga. Kama ni giza, heri mlangoni. Mwenzako akisema akusindikize, mshukuru. Kuna watu wanaodhani kukataa kusindikizwa ni utovu wa adabu, na wenye nia mbaya wanaijua sana dhana hiyo.

Glasi

Watu huogopa unga wa kwenye glasi, lakini kinachotumika zaidi kumlegeza mtu ni pombe yenyewe: vipimo viwili vilivyomwagwa mahali pa kimoja, au raundi zinazokuja kabla hujamaliza. Chupa inayofunguliwa mbele yako ni bora kuliko mchanganyiko. Kikomo chako kiwe namba, kwa mfano kinywaji kimoja, si "mpaka nijisikie".

GHB, dawa ya kulevya inayoweza kutiwa kwenye kinywaji, haina rangi wala harufu, na ladha yake ya chumvi hufichwa na juisi. Huanza kufanya kazi kwa takriban dakika 15 hadi 30. Skopolamini, ambayo Kolombia huitwa burundanga, humfanya mtu apoteze kumbukumbu na kutii anachoambiwa. Januari 2024 ubalozi wa Marekani mjini Bogotá ulitoa tahadhari kuhusu programu za kutafuta wapenzi, baada ya vifo vinane vya kutiliwa shaka vya raia wake mjini Medellín katika miezi miwili ya mwisho ya 2023. Wanaolengwa zaidi huko ni wanaume, jambo linaloonyesha kwamba tahadhari hizi si woga wa kike. Vifaa vya kupimia kinywaji havinisisimui: hupima dawa chache tu, na jibu la "hakuna" linaweza kukupa utulivu usiostahili. Glasi uliyoiacha ukaenda chooni, iache kabisa, uagize nyingine.

Shoti za bure zina hatari yake ya pekee. Novemba 2024 watalii sita walikufa kwa sumu ya methanoli, aina ya pombe isiyofaa kunywewa, baada ya kunywa huko Vang Vieng, Laos. Kuona ukungu au kuumwa kichwa kupita kiasi siku inayofuata si hangova ya kulalia, nenda hospitali.

Ukijiona umelewa kuliko ulichokunywa, muda wako ni mfupi. Mwambie mhudumu kwa maneno wazi: "nadhani nimewekewa kitu, nisaidie nisitoke na huyu". Uingereza kuna baa zinazoelewa kwamba unaomba msaada ukimuulizia "Angela", mpango ulioanzia Lincolnshire mwaka 2016, lakini kwingine mhudumu atakujibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Maneno wazi yanafanya kazi kila mahali. Mpigie mtu wako papo hapo. Usikimbilie chooni ukajifungia, maana ukizimia huko hakuna atakayejua. Na ofa ya aliye mezani ya kukupeleka nyumbani ndiyo ya kwanza kukataliwa.

Ukiamua kwenda chumbani

Ni uamuzi wako, mtu mzima. Chumba chako chenye mapokezi ya saa 24 ni bora kuliko kwake, na ni bora kuliko nyumba ya kukodi isiyo na mtu mlangoni. Hoteli inayoandika kitambulisho cha mgeni inakufanyia kazi ya bure. Anayegoma kuandikishwa, arudi alikotoka. Funga hati na kadi kwenye sefu kabla ya mtoko. Ukienda kwake, piga picha ya geti na namba ya mlango umtumie mtu wako, na umwambie mwenyeji kwamba umetuma. Usitume kwa siri.

Kondomu ziwe zako. Soma tarehe, bonyeza pakiti uone kama bado ina hewa, na usitumie mafuta kwenye zile za mpira wa leteksi, kwani hupasuka. Akiondoka, angalia begi na mifuko ya koti. Vifaa vidogo vya kufuatilia kama AirTag hutoa taarifa kwenye iPhone na simu nyingi za Android vikisafiri nawe, lakini taarifa hiyo inaweza kuchelewa.

Jambo likitokea

Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Humezwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba chenye levonogestreli hutumika ndani ya saa 72, cha ulipristali hadi saa 120. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hujawahi kuchanjwa.

Kwa ajili ya ushahidi usioge, usipige mswaki, usifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na unyevu huharibu vielelezo. Kama unashuku uliwekewa dawa, omba mkojo wako wa kwanza upimwe: GHB hutoweka kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi. Kama umeshaoga, nenda vilevile. Dawa bado zina kazi yake.

Kuhusu polisi, soma sheria ya nchi kabla hujafika. Mwaka 2013 mwanamke wa Norway aliyeripoti kubakwa Dubai alihukumiwa miezi 16 kwa kufanya ngono nje ya ndoa na makosa mengine, kabla ya kusamehewa. Indonesia ilipitisha sheria mpya ya jinai Desemba 2022 inayoifanya ngono nje ya ndoa kuwa kosa, ingawa mlalamikaji lazima awe mwenzi, mzazi au mtoto. Katika nchi za namna hii, pigia ubalozi wako kabla ya kuingia kituoni. Ubalozi hautachunguza kesi wala kulipa bili, lakini unaweza kukupa orodha ya mawakili na wakalimani, na hati ya dharura ya kusafiria kama yako imeibwa. Katika baadhi ya nchi hospitali inalazimika kuwaarifu polisi, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kueleza.

Mwisho ni profaili yake. Piga picha za skrini za kila kitu, pamoja na jina la mtumiaji na tarehe za ujumbe. Kisha mripoti ndani ya programu. Kisha ndipo umbloku. Ukianza kwa kumbloku, mazungumzo yanaweza kutoweka, na ripoti yako itabaki bila cha kuonyesha.